Chuma cha Tangi la Mama

Niseme mapema kwamba silipendi Ziwa Mweru, na sidhani kama lenyewe linanipenda. Watu wakisikia kwamba niliwahi kusafiri kwa tanga na kutia nanga kati ya visiwa, macho yao huanza kung'aa, wanangoja niwaambie habari za machweo. Machweo sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia kamba.

Ninaishi Kasungami, nje kidogo ya Lubumbashi, ambako maji mengi tunayoyaona ni yale yanayosimama barabarani wakati wa mvua. Tanga nilijifunza kwenye simu. Nilianza baada ya kuacha chuo, katika miezi ambayo sikutaka kuonana na mtu. Nilikuwa naangalia vidio za watu wasiovaa viatu, wanaopita polepole kando ya pwani za joto na kushusha nanga kwenye ghuba tulivu. Bahari yao haikunivutia sana. Kilichonivutia ni utaratibu wao. Kila kamba ilikuwa na mahali pake na kila fundo lilikuwa na kazi yake, na mtu akikosea aliona kosa lake papo hapo. Mimi ni mwanamke wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga, na hata nikirudi bado siamini. Dunia ya namna ile ilinipumzisha. Nilifunga mafundo kwenye mguu wa kitanda hadi rangi ikatoka. Nilichora chombo changu, nikachana mchoro, nikachora tena. Tatizo ni kwamba mchoro wowote ukiufanya mzuri vya kutosha, unaanza kukudai uujenge.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mabamba ya chuma. Baba aliyaleta kabla hajafa, ili amtengenezee mama tangi la maji. Baba alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma katika mgodi, kama baba yake kabla yake, na kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya, anafanya kazi ileile. Katika ukoo wetu hakuna tatizo lisilotibiwa kwa chuma. Mlango ukivunjika, chuma. Meza ikiyumba, chuma. Tangi tu ndilo halikutengenezwa. Baba alikufa, mabamba yakabaki yameegemea ukuta, na mama akaendelea kubeba ndoo kutoka kwenye pampu ya jirani. Jirani huyo hakuwahi kumnyima. Alimwambia tu kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Leo tena, mama?"

Mabamba hayo ndiyo niliyoyaomba.

"Bato ya ku mayi?" mama aliuliza. "Njo unatoa mu chuma ya siterne yangu? Weye haunyuake mayi mu hii nyumba?"

Nilimwonyesha mchoro. Aliuangalia, akaugeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akanirudishia.

Yaya ndiye aliyekubali, na kwa muda mrefu nilidhani alikubali kwa sababu ananipenda. Sasa nadhani alikuwa amechoka kunisikia. Alitaka kitu kikubwa kinishinde mara moja, mbele ya macho yangu, ili ninyamaze na nitafute kazi. Aliunganisha mabamba kila Jumapili baada ya misa, na mimi nilisimama nyuma yake nikipima. Nikiona mstari umepinda kiasi cha unene wa ukucha, nilimwambia. Alikuwa anainua kofia yake ya chuma, ananitazama, halafu anaishusha tena. Mara moja alisema, "Mudogo, siku moja nitakusude mudomo," yaani ataniziba mdomo kwa moto uleule wa kuunganishia.

Chombo kilipokwisha, kikiwa na mlingoti wa bomba na tanga la turubai la lori, ambalo yaya aliliita bashi hadi mwisho, aliniita uani na kuniwekea sharti. Mama alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza.

"Sikia muzuri. Nitakuwa mu konje, siku zangu za kupumuzika. Tutaenda Kilwa, ku ziwa Mweru. Tutafika ku bisiwa na ile bashi yako, tutalala kule na nanga yako, tutarudia. Kama muntu mwengine anatuvuta na kamba, hata mara moja, ninakirudisha hapa ninakikata. Mama anapata siterne yake."

"Na kama hatuvutwe?"

"Kama hatuvutwe, sitakikata. Hata siku moja. Neno yangu iko moja."

Mama alisema, "Mumeapa. Miye nilisikia." Kisha akaingia ndani na ndoo yake.

Tulipanda juu ya lori lililokuwa linakwenda Kilwa kuchukua samaki wa chumvi. Barabara ile sitaki kuizungumzia. Chombo kilifungwa juu ya magunia ya unga, na kila shimo lilipotupiga nilifikiria maungio yake, huku yaya akilala kama mtu aliyelipwa kulala. Tulipokishusha ufukweni, wavuvi waliacha kazi zao wakatuzunguka. Hakuna aliyesaidia kusukuma kabla ya kucheka vya kutosha.

"Bantu ya Lubumbashi banaleta siterne mu ziwa!"

"Ya nini? Mayi iko mingi hapa!"

"Apana, iko sanduku ya mufu. Banakuya kujizika bo benyewe."

Mmoja wao, mwanamume mnene mwenye mtumbwi wa injini, alikipiga chombo kwa kiganja, akasikiliza kinavyolia. "Chuma muzuri," akamwambia yaya, kana kwamba mimi sikuwapo. "Ikizama, tutakuya kukokota." Yaya alicheka pamoja nao. Kicheko kile sijakisahau. Ni kweli kwamba hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Nilikuwa nimefunga madumu matupu chini ya kiti yatufae kama maboya, kwa mafundo yale mazuri ya mguu wa kitanda.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kosa la watu wa mgodi. Chombo cha tanga kinahitaji uzito chini, ili upepo usikipindue. Mtu wa ziwa angeweka mawe au magunia ya mchanga. Sisi tuliweka mipira ya chuma, ile inayosagia mawe ndani ya vinu vya mgodi, iliyokwisha kuchakaa na kutupwa. Yaya aliileta katika magunia ya plastiki, akaipanga chini ya mbao za kukanyagia. Ilionekana akili kubwa. Uzito mwingi katika nafasi ndogo! Hata mimi nilisifu. Lakini kitu cha mviringo hukaa kimya tu kama kilichokibeba kimekaa kimya.

Hatukuwa mbali na Kilwa. Upepo wa kusini-mashariki ulijaza tanga, chombo kikaegemea kama nilivyotarajia, na kwa muda mfupi sana nilikuwa na furaha. Halafu tukasikia gunia linapasuka. Mipira ilibingirika upande ule tulioegemea, ikazivunja mbao, na chombo kikaegemea zaidi, na kadiri kilivyoegemea ndivyo mipira mingine ilivyofuata. Maji yakaanza kulamba ukingo. Yaya alipigwa kwenye kifundo cha mguu, akapiga kelele, akanitukana mimi, simu yangu, na watu wote wa vidio.

"Legeza bashi! Legeza!"

Nililegeza. Chombo kikainuka nusu na kukaa hivyo, kimepinda shingo. Tulipiga magoti tukaokota mipira kama wanawake wanaookota maharagwe yaliyomwagika, na kila wimbi lilitupokonya. Magunia hayakufaa tena. Ndipo yaya akavua ovaroli yake ya kazi, ile ya buluu yenye mistari inayong'aa, akafunga miguu na mikono kwa waya, akaijaza mipira, akaifunga shingo. Mipira iliyobaki tuliibana chini ya mbao kwa vipande vya turubai. Ovaroli iliyojaa tuliilaza katikati, chini ya mlingoti. Ilionekana kama mtu mnene asiye na kichwa aliyelala usingizi wa mchana. Yaya alibaki na kaptula na fulana, akakanyaga mbao zisiinuke hadi tulipokiona kisiwa.

Mahali pale, kwa macho, palikuwa kama nilivyopaota. Visiwa vidogo vya matete na mawe, maji ya kijani katikati, moshi wa kambi ya wavuvi. Kwenye upande uliokingwa na upepo maji yalikuwa yametulia kabisa. Nilishusha tanga, nikatoa nanga. Nanga ile niliichora mimi na yaya akaiunda, na ndicho kitu pekee katika safari hiyo ambacho nilikuwa nimekiridhia. Sikuwa nimemaliza kuifunga kwenye kamba yake wakati mwanamke aliyekuwa anaanika samaki alipoanza kukimbia majini hadi magotini.

"We! Ondosha ile chuma! Manyavu yetu iko hapa chini! Utaipasula, utatulisha weye?"

"Mama, tunaomba tu kulala. Tutaishusha pole."

"Kalale kwenu! Hauna kwenu?"

Nilijaribu kueleza kwamba ningepima kwanza, kwamba nanga yangu ni ndogo, kwamba nimesoma. Hilo la kusoma nililisema kweli. Wenzake waliokota matope wakatutupia, na bonge moja likagonga mlingoti. Hawakuwa wakatili, naelewa leo. Nyavu zilikuwa zimetandazwa chini ya maji yote yale matulivu, kwa sababu samaki nao wanapenda mahali palipotulia. Katika vidio zangu zote hapakuwahi kuwa na mtu chini ya maji wala juu yake. Pwani ilikuwa tupu, ikimngoja mwenye chombo.

Hivyo tulitoka kwenye kinga, tukatia nanga mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka: kati ya kisiwa cha mwisho na mwamba wa bara, wazi kwa upepo. Nyuma yetu mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya mawe. Nilitoa kamba ndefu kama nilivyojifunza, nikachagua mti mmoja kisiwani na jiwe moja nyuma yake, ili nijue kama tunasogea. Mti na jiwe vilikaa mstari mmoja. Nikamwambia yaya, "Imeshika." Alikuwa anajifuta matope.

Alasiri upepo ukaongezeka. Mti ukatoka kwenye jiwe.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaangalia tena. Kisha nikashika kamba na kuhisi kitu ambacho simu haiwezi kumfundisha mtu: mtetemo mdogo, kama wa kisu kinachopita kwenye ugali. Nanga ilikuwa inakata tope laini bila kushika. Tulikuwa tunarudi nyuma, kwenye mawe. Tanga nisingeweza kulipandisha, kwa upepo ule na nafasi ile tungepanda mwamba kabla halijajaa.

Yule mwanamume mnene wa Kilwa alikuwa anarudi kutoka visiwani na mtumbwi wake. Alituona, akakaribia kadiri alivyothubutu, mwenzake akiwa amesimama mbele na kamba mkononi.

"Mukubwa, shika kamba! Nyuma yenu iko mabwe!"

"Leta!" yaya akapaza sauti. "Leta haraka!"

Kamba ikaruka, ikaangukia mbele ya chombo, karibu na mguu wangu kuliko mkono wake.

Nimeandika sehemu hii mara nyingi, na kila mara nimejipa dakika ambazo sikuwa nazo na mawazo ambayo sikuyawaza. Ukweli ni huu. Nilimwona mama na ndoo. Niliona moto wa yaya unakata mlingoti wangu chini kabisa. Nikaipiga kamba teke, ikaanguka majini.

"Weye uko na wazimu?" Yaya hakupiga kelele. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeuliza kweli. "Mudogo. Sijuake kuogelea."

"Hata miye sijuake."

"Basi juu ya nini unaikataa?"

Mwenzake wa mtumbwini aliivuta kamba, akataka kuitupa tena. "Apana!" nikamkatalia. "Usitupe!" Mwanamume mnene alinitazama, akamtazama kaka yangu mwenye kaptula, akatema mate majini.

"Ule mwanamuke anatafuta kukuua, mukubwa. Bakufe basi! Kesho tutakuya kuokota chuma." Akageuza injini, kwa sababu mawe yalikuwa yameanza kuwa yake pia.

Watu waliosikia habari hii hufikiri kwamba nilikataa kwa kuwa nilikuwa na mpango. Sikuwa na mpango. Mpango ulikuja baadaye, na kama usingekuja nisingekuwa hapa kukiri lolote. Nilipoinama kushika kamba ya nanga kwa mara nyingine, mguu wangu ulikanyaga ovaroli. Ndipo nikakumbuka. Kamba ikivutwa imenyooka kutoka juu, inaing'oa nanga. Ukiteremsha uzito kwenye kamba hadi karibu na chini, kamba inalala juu ya tope, na nanga inavutwa kwa ubavu badala ya kunyanyuliwa, hivyo inachimba.

"Yaya, nisaidie kuinua huyu."

Hakuniuliza. Tulimwinua yule mtu asiye na kichwa, mmoja miguuni na mmoja mabegani. Nilimfunga pete ya chuma kifuani, pete nikaizungushia kamba ya nanga, na kwenye pete nikafunga kamba nyingine ya kumteremshia. Vidole vyangu vilifunga fundo la mguu wa kitanda vyenyewe, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nililiangalia mara ya pili kuona kama limekaa sawa. Yaya aliniona nikiliangalia. Tukamsukuma. Alizama mikono ikiwa juu, mistari yake ikang'aa kidogo, akapotea.

Chombo kiliendelea kurudi. Nyuma yetu maji meupe yaliruka hadi yakatulowesha. Halafu mwendo ukapungua, kamba ikakaza kwa uzito mwingine kabisa, na mbele ya chombo ikainama kama mtu anayevutwa sikio. Mtetemo ulikoma. Nilitafuta mti na jiwe. Havikuwa tena mstari mmoja, lakini havikuendelea kuachana.

"Imeshika," nikasema.

Yaya alikuwa amekaa chini, anajaribu kufungua madumu. Mafundo yangu yalikuwa mazuri mno. Alikuwa amepigana nayo kwa meno, midomo yake ilikuwa na damu, na hata dumu moja halikutoka.

Alilala pale, au alijifanya. Mimi nilikaa nikishika kamba. Asubuhi upepo ulikuwa umekufa na ziwa lilikuwa laini kama halikufanya kitu. Tulivuta wote wawili. Ovaroli ikaja kwanza, imejaa tope hadi shingoni, kisha nanga, na kwenye nanga bonge jeusi la udongo wa kunuka. Tulirudi Kilwa kwa tanga, polepole, bila kuvutwa na mtu. Yule mnene alikuwa ufukweni. Safari hii hakucheka. Aliangalia mdomo wa yaya, akaniangalia mimi, akaendelea kushona wavu.

Yaya alisema maneno yake tukiwa tunasubiri lori.

"Hatukuvutwa. Sitakikata." Kisha, akijifuta mdomo: "Lakini siku nitakufa mbele yako, mudogo, utaangalia kwanza kama fundo iko muzuri."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitafuta sentensi iliyo sawa kabisa, isiyo na kosa, na nilipokuwa bado naitafuta lori likafika.

Chombo sasa kiko uani Kasungami, juu ya vigogo, mlingoti umelazwa kando ya ukuta. Sijapata mtu mwingine wa kwenda naye ziwani, na peke yangu sithubutu. Hilo nalo ni kweli. Mvua zilipoanza, sikuwa nimekifunika. Kabla sijatoka na turubai, nilimwona mama ameinama ukingoni, anateka ndani yake kwa ndoo. Hakumwomba mtu ruhusa. Asubuhi ile hakwenda kwa jirani.

Nilimlalamikia yaya. Nilimwambia maji yatakula chuma, kwamba aliapa. Alikuwa anakunywa chai.

"Niliapa sitakikata," akasema. "Sijakikata."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alivaa kofia yake. Sikusimama nyuma yake kupima, hakunitaka pale. Nikiwa chumbani nilisikia tu mlio wa moto. Alipoondoka nilitoka. Alikuwa ameunda kifuniko cha chuma juu ya chombo chote, kutoka mbele hadi nyuma, chenye bawaba na mpini wa mkono wa mama, na chini, upande ule tulioegemea siku ile, alikuwa ameweka bomba la kufungulia. Bila kukata. Kwa bomba alilitumia tundu lililokuwapo tayari, lile lenye kizibo nililolichora mimi mwenyewe kwa ajili ya kutolea maji ya mawimbi. Nilipitisha ukucha kwenye kila ungio nikitafuta mahali palipopinda. Nilizunguka mara tatu. Sikupata, na chini ya chombo ardhi ilikuwa kavu.

Mama alikuja na ndoo akanikuta nimepiga magoti.

"Toka hapo," akasema. "Ngoja niteke."

Nikatoka.